Oxford au Cambridge? Nina Jumamosi moja tu, na mzee kanituma

Mama Neema wa Mbuyuni

Habari za jioni wana jukwaa. Naandikia dukani. Vuli imeanza, na mvua ikinyesha hapa Mbuyuni hakuna anayekumbuka kitambaa, wote wamejibanza vibarazani wakisubiri daladala.

Binti yangu wa kwanza, Neema, anahitimu shahada ya uzamili London mwishoni mwa Novemba. Viza imetoka, tiketi ya kuondokea KIA ninayo. Alhamisi ni mahafali, Ijumaa yeye anaingia kazini, Jumapili narudi. Imebaki Jumamosi. Kaniambia, "Mama, chagua Oxford au Cambridge, siku ni moja." Mimi ni mwanamke wa vitambaa, elimu yangu iliishia kidato cha nne na siionei haya, lakini miji ya vyuo vikuu nitaipima kwa nini? Kwa futi ya fundi?

Moyo wangu uko Oxford, na msinicheke sababu. Miaka kumi na tisa nauza kitambaa cha mashati ya shule kinachoitwa oksfodi. Kile kizito kidogo, ambacho ukikifua mara thelathini ndiyo kwanza kinalainika. Mama aliyenifundisha biashara alinisimulia kwamba zamani kiwanda kimoja cha Scotland kilitoa vitambaa vinne vya shati, kikavipa majina ya vyuo vikuu: Oxford, Cambridge, Harvard na Yale. Vitatu vikafia sokoni, ikabaki oksfodi. Ni hadithi ya wauza vitambaa, na sisi wauza vitambaa tunajuana, lakini oksfodi ndiyo iliyomlipia Neema ada tangu la kwanza hadi alipovuka bahari. Nataka kuuona huo mji uliokipa jina.

Kikwazo ni baba yangu. Yuko Kidia, Old Moshi, ana miaka 83 na kichwa bado kinachaji. Mwaka 1961 alifanya mtihani wa darasa la kumi na mbili, ule ambao wazee wanauita "Cambridge" kwa sababu ulitungwa huko na cheti kilitoka huko. Usiku wa uhuru mwenge ulipandishwa kileleni Kilimanjaro, watu wa Kidia wote wametoka nje wanautazama mlima, yeye anasubiri matokeo ya Uingereza. Cheti anacho hadi leo, kwenye sanduku la bati, kimefungwa ndani ya khanga ya marehemu mama. Hata Kiswahili chake kimo humo, kimepimwa na Cambridge! Ila hisabati hajaikubali. Anasema alijibu maswali yote na hakuna hata moja alilobahatisha, wakampa alama za kumfuta machozi.

Nilipompa habari ya safari alinyamaza, akamalizia mtori wake, akasema, "Ukifika Cambridge waulize ile hisabati yangu." Hakuuliza kama naenda Cambridge.

Nishaurini. Miguu yangu ni ya mtu wa miaka 56 anayesimama kutwa, na baridi ninayoijua ni ya Marangu mwezi wa saba.

Dereva wa Sakina

Shikamoo mama. Mimi ni mwongoza watalii hapa Arusha, mwaka wa kumi na nne sasa. Novemba 2019 tulikwenda London kwenye maonyesho ya utalii, bosi akatupa siku moja ya kupumzika. Wenzangu walikwenda madukani, mimi nikapanda treni pale Paddington, saa moja hivi nikawa Oxford. Cambridge sijafika, kwa hiyo pima maneno yangu.

Mama, usisikie watu wakisema "chuo cha Oxford" ukadhani kuna geti moja na mlinzi mmoja kama pale Mlimani. Hakuna. Chuo kimemwagika mji mzima. Kuna koleji, yaani vyuo vidogo ndani ya chuo kikuu, zaidi ya thelathini, kila moja na ukuta wake, bustani yake na mlinzi wake mwenye kofia asiyetaka utani. Unatembea barabarani, ukuta mrefu wa mawe ya rangi ya asali, kisha mlango mdogo uko wazi, unachungulia, ndani kuna uwanja wa majani yaliyokatwa vizuri kuliko kapeti lako. Ukikanyaga unaitwa.

Tulizungushwa na kijana mwanafunzi. Alikuwa mzuri, na mimi kazi hiyo naijua, nilimwona anavyopumua kabla ya kusimulia jambo kubwa. Alitusimamisha njia panda ya Carfax, kwenye ubao wa kumbukumbu ambao peke yangu ningeupita. Hapo palikuwa na kilabu. Mwaka 1355 wanafunzi wawili walimwambia mwenye kilabu mvinyo wake ni mbaya, maneno yakapanda, mmoja akammwagia usoni. Mji na chuo wakapigana kwa mishale, wakafa watu makumi. Halafu mfalme akauadhibu mji. Viongozi wa mji wakawa wanakwenda kila mwaka kulipa faini na kuomba radhi kwa chuo, hadi mwaka 1825! Ugomvi wa mbege kwetu unaisha kwa mbuzi mmoja.

Akatueleza pia sare ya mitihani, wewe wa vitambaa utaipenda. Mwanafunzi wa Oxford haingii kwenye mtihani na jinzi. Ni suti nyeusi, shati jeupe na joho. Juu ya joho wengi wanabandika ua. Karatasi ya kwanza ua jeupe, za katikati la waridi, ya mwisho jekundu. Ukimwona mwenye ua jekundu njiani ujue ndiyo anatoka jela.

Lakini nisikufiche kilichonibakia. Ni makumbusho ya Pitt Rivers. Hailipiwi. Unaingilia kwenye makumbusho ya viumbe, unapita mifupa ya dinosaria, unafungua mlango wa nyuma, unajikuta kwenye ukumbi wenye giza giza, makabati yamebanana kama stoo ya bibi. Vitu havikupangwa kwa nchi, vimepangwa kwa kazi yake: ngao zote za dunia pamoja, ngoma pamoja, mapambo ya shingo pamoja, na vikaratasi vya maelezo vimeandikwa kwa mkono. Mimi ni Mmaasai wa Longido. Nilikuta vitu vya kwetu. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa.

Baadaye ndiyo nikajua kwamba mwaka mmoja kabla yangu, 2018, ujumbe wa Wamaasai wa Kenya na Tanzania, wakiwemo watu wa Loliondo, ulikaa na wenye makumbusho wakapitia vitu kimoja kimoja. Wakaonyesha vitano ambavyo kwa mila havitolewi zawadi wala haviuzwi, vinarithiwa tu. Maana yake mama umeelewa. Kama havikutolewa, vilifikaje kule? Mazungumzo na familia zenyewe yameendelea hadi huku kwetu, na si ya barua tu, watu wa makumbusho wamekuja.

Halafu ukitoka hapo nenda High Street, inua macho, kuna sanamu ya Cecil Rhodes, yule mkoloni wa kusini mwa Afrika, juu ya jengo la koleji ya Oriel. Wanafunzi wamepiga kelele ishushwe, mwaka 2021 koleji ikaamua ibaki. Wameweka kibao cha maelezo chini. Yaani ukitoka Afrika ukaenda Oxford, unajikuta umo kwenye mazungumzo kabla hujakaribishwa.

Nisiwe mchoyo kwa Cambridge. Louis Leakey, mtafiti wa binadamu wa kale ambaye kila siku namtaja kwa wageni pale Olduvai, alisoma kule, koleji ya St John's. Na marehemu Jane Goodall wa Gombe walimpa uzamivu kule bila hata digrii ya kwanza, sokwe wa Kigoma walishamsomesha. Lakini kura yangu ni Oxford.

Kipara wa Njiro

Mnamzungusha mama. Asubuhi Oxford, mchana Cambridge, jioni London. Si majirani hao?

Nesi wa Machame

Kaka wa Njiro, tafadhali usimpoteze mtu mzima. Mimi naishi Cambridge mwaka wa sita, nafanya kazi hospitali. Miji hii kwenye ramani iko karibu, lakini reli ya moja kwa moja ilifungwa mwisho wa 1967. Sasa wanaifufua kipande kwa kipande, ila Mama Neema anasafiri Novemba hii. Kwa treni unarudi London kwanza, unabadilisha stesheni, unaanza upya. Ni kama kutoka Rombo kwenda Siha: mlima ni mmoja, lakini wengi wetu tunashuka Moshi kwanza.

Mama Neema, shikamoo. Sitakudanganya kwamba Cambridge ni kubwa. Ni ndogo, na kwa miguu yako huo ndio uzuri wake. Oxford ina magari, ina mabasi, ni mji wa watu wanaotengeneza magari hadi leo. Cambridge katikati ni baiskeli. Ndizo zitakazokugonga, si gari. Wanaendesha kushoto kama nyumbani, hilo litakusaidia, ila baiskeli haina honi ya kueleweka.

Panda King's Cross. Uliza treni isiyosimama njiani, dakika hamsini hivi. Kuna nyingine inasimama kila mti, msiipande. Stesheni iko mbali na mjini, karibu nusu saa kwa mwendo wako. Wenyeji wanasema chuo kilikataa treni isogee kwa sababu wanafunzi wangetorokea London. Chukueni basi.

Kitu ambacho Oxford haina ni kanisa la King's. Mfalme Henry wa Sita aliweka jiwe mwaka 1446, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee. Akapinduliwa, hela ikakata, jengo likasimama. Mfalme mwingine akaja akaongeza, akafa. Mawe yalimalizika 1515. Ukitazama ukutani utaona pale chini mawe ni meupe, juu rangi inabadilika, ndipo walipoishiwa. Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka peke yangu nikasema hii ni nyumba ya Mchaga, inajengwa kila Desemba! Lakini dari, mama, ni mawe yamefunguka kama mapepeo, tani na tani ziko juu hewani bila nguzo hata moja katikati.

Kuingia mchana ni hela, na si ndogo. Mimi nakushauri uende ibada ya jioni, saa kumi na moja na nusu, kwenye muhula wanaimba karibu kila siku na Jumamosi imo. Ibada ni bure. Hakikisheni ratiba kabla, fikeni mapema mpange foleni. Na mjue kwamba mwishoni mwa Novemba jua linazama saa kumi jioni. Saa kumi, mama! Kwa hiyo vyote vya kutazamwa nje vimalizeni kabla ya hapo.

Na ofisi ya mitihani ya mzee ipo. Ilianza 1858, bado inatunga mitihani ya dunia nzima. Jengo lao liko upande wa stesheni, kubwa, la matofali, lina mnara. Jumamosi hakuna mtu wa kumuuliza hisabati, lakini picha utapiga.

Mwalimu Mstaafu, Ngarenaro

Nimesoma, nami nitie neno. Mimi ni Mwanglikana wa Muheza, niliyekuja Arusha kufundisha nikazeeka hapa. Kwetu Magila tulisomeshwa na wamisionari wa UMCA. Watoto tulikariri herufi hizo bila kujua maana yake: ni Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Vyuo hivyo ndivyo hivi mnavyobishania. Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alisimama Cambridge, katika jumba la Senate House, akawahutubia vijana akiwataka waje Afrika. Cambridge na Oxford wakaungana, wengine wakafuata, misheni ikazaliwa. Ndiyo iliyojenga kanisa kuu la Unguja pale palipokuwa na soko la watumwa. Senate House iko jirani kabisa na hilo kanisa la King's. Ukipita Mama Neema, itazame kwa niaba yangu.

Wewe ukiwa Mlutheri, kama ninavyodhani kwa kuwa wa Kidia, kuna jingine. Miaka ya 1520 wasomi wa Cambridge walikuwa wakikutana kwenye kilabu kimoja kuyajadili maandiko ya Luther kwa siri, watu wakapabatiza "Ujerumani Ndogo". Cranmer, Latimer na Ridley, maaskofu waliofuata mageuzi hayo, wote ni zao la Cambridge. Walichomwa moto wapi? Oxford, 1555 na 1556, katikati ya barabara ya Broad Street, pana msalaba wa mawe umelazwa kwenye lami. Walisomeshwa huku, wakachomewa kule. Na Cambridge yenyewe ilianzishwa 1209 na wasomi walioikimbia Oxford baada ya wenzao kunyongwa na watu wa mji. Msafiri achague kwa hekima.

Chalii wa Kaloleni

Mwalimu Nyerere hakusoma huko kote. Alisoma Edinburgh, 1949 mpaka 1952. Mama nenda Edinburgh.

Nesi wa Machame

Saa nne na nusu kwa treni kila upande, mdogo wangu. Mama ana siku moja.

Mama Neema wa Mbuyuni

Asanteni wote, nimesoma mara mbili na mteja mmoja nimempa mita pungufu kwa sababu yenu, imebidi nimwite arudi.

Dereva wa Sakina, umenigusa kwa hiyo stoo ya bibi. Nimekaa nafikiri, mimi nikienda pale nikaona kitu cha Mchaga, nitafanya nini? Nitapiga picha? Na hayo maua ya mtihani nimeyapenda mno.

Mwalimu, ni kweli mimi ni Mlutheri, ila uliposema Oxford walinyonga na kuchoma watu nikaanza kukiangalia kitambaa changu kwa jicho lingine.

Nesi, umenimaliza kwa mambo mawili, nyumba ya Mchaga na foleni ya bure. Naimba sauti ya pili kwaya ya usharika mwaka wa ishirini na tatu. Kusikia watu wakiimba chini ya dari la mawe bila kulipa, hiyo siwezi kuikosa. Na mzee naye nitapata cha kumwambia. Tunakwenda Cambridge. Oksfodi itanisamehe, nimeitumikia vya kutosha.

Dereva wa Sakina

Safari njema mama. Vaa soksi mbili.

Mama Neema wa Mbuyuni

MREJESHO. Nimerudi juzi, miguu imevimba, lakini niliahidi.

Kwanza nikiri: tulipanda treni inayosimama kila mti. Nesi alinionya, Neema akasema "Mama hii ndiyo inaondoka sasa hivi", tukajirusha ndani. Imesimama vijiji ambavyo hakuna hata mmoja aliyeshuka. Tulifika saa tano asubuhi, nimevaa koti la Neema, juu yake khanga mbili, na mama mmoja wa Kizungu kwenye basi akaniuliza hizo khanga zinauzwa wapi. Nilimpa namba ya duka. Biashara haina likizo.

Mji ni mdogo kweli. Tulishuka basi, tukageuka kona, kanisa la King's likatokea lote kwa mara moja, halikunipa nafasi ya kujiandaa. Mpaka wa rangi ya mawe niliuona, Neema hakuuona, ilibidi nimwonyeshe kama ninavyomwonyesha fundi mahali roli mbili zimeungwa. Pembeni yake Senate House, nyeupe, imefungwa. Mwalimu, niliitazama kwa niaba yako, na nikamwambia Neema habari za Magila, akasema shuleni hawakumfundisha.

Kuna saa ukutani pale jirani, ya dhahabu, juu yake kuna mdudu kama panzi mkubwa mwenye meno anayetembea akila dakika. Neema akasoma kwamba inasema kweli mara moja kila dakika tano, katikati hapo inajichelewesha na kujiwahisha yenyewe. Nikasema nina fundi wa cherehani wa namna hiyo hiyo.

Kwenye lango la Trinity tuliona mti wa tufaha, kizazi cha ule wa kwao Newton, mwanasayansi wa tufaha lililoanguka. Ni mti mdogo, mparachichi wangu wa uani unauzidi mara tatu, na watu wamepanga mstari kuupiga picha! Maktaba yenye fimbo ya kutembelea ya Newton tulikuta muda wa wageni umekwisha. Mwanafunzi mmoja alipita na joho, nikamfuata hatua kumi kutazama mshono. Ni la buluu iliyokolea, si jeusi. Neema alijifanya hanijui. Baadaye nikaambiwa kila koleji ina joho lake, mtu anakujua unakotoka kwa rangi na mkunjo. Hapo nikawaheshimu.

Mtoni tulishuka. Mitumbwi yao ni bapa, anayesukuma anasimama nyuma na upondo kama watu wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, tofauti ni kwamba hawa wanakwenda kutazama migongo ya koleji na hawarudi na perege. Bei ya kichwa kimoja ilizidi nauli ya basi Moshi hadi Dar. Tukanunua chai, tukakaa ukingoni tukawatazama wanaolipa. Mmoja upondo ulimnasia kwenye tope, mtumbwi ukaendelea, yeye akachagua upondo. Chai ilinoga zaidi.

Jengo la mitihani tulilipitia saa nane na nusu, kabla giza halijaingia. Kubwa, la matofali, lina mnara, limefungwa. Nilisimama mbele yake nikajisikia mjinga kidogo. Nimetoka Kidia kuja kusimama mbele ya kioo. Neema akapiga picha tatu.

Halafu foleni ya King's. Baridi ile si ya Marangu, ile inatoka chini inapanda kwenye mifupa. Saa kumi giza, taa zikawaka. Walipotufungulia tukakaa kwenye viti vya mbao, mishumaa imewashwa, kwaya ikaingia na mavazi meupe, wavulana wadogo mbele. Kiingereza chao kilikuwa cha zamani, nilishika "Amina" na jina la Mariamu. Lakini sikiliza: kule sauti haiishi. Mtoto akishafunga mdomo, sauti inabaki juu inazunguka ikitafuta pa kutua. Kwaya yetu tunamaliza shairi, kiongozi anashusha mkono, yule mzee wetu wa besi bado anavuta. Chini ya dari lile asingegundulika.

Zaburi waliimba polepole kuliko sisi. Nadhani sisi tunakimbilia mnada wa mavuno.

Sasa mzee. Jumapili kabla ya ndege nilimpigia kwa video, mjukuu kamshikia simu. Nikamwonyesha picha ya jengo. Akavaa miwani, akaikuza kwa kidole kama alivyofundishwa, kimya. Kisha akasema, "Hili ni la juzi. Mimi hawa hawakunisahihisha."

Nesi wa Machame

Mama Neema, mzee ana haki na mimi naomba radhi. Hilo jengo ni jipya, halina hata miaka kumi. Nimemuuliza mwenyeji mmoja mtu mzima hapa kazini. Mwaka 1961 ofisi ya mitihani ilikuwa barabara ya Mill Lane, walihamia Hills Road katikati ya miaka ya sitini, na hili la mnara limekuja juzi kama alivyosema. Mill Lane iko karibu na King's, inashuka mtoni pale pale penye mitumbwi. Jumatatu nikitoka zamu nitakwenda kumpigia picha.

Mama Neema wa Mbuyuni

Mill Lane? Penye mitumbwi? Si ndipo tulipotoka kununua chai! Neema alinipiga picha nimeegemea ukuta wa jengo la zamani, nimeshika kikombe, nyuma kuna kibao cha jina la barabara. Nimekutumia kwenye simu, hebu nithibitishie.

Nesi wa Machame

Ndilo hilo hilo mama. Uliliegemea.

Mama Neema wa Mbuyuni

Jana nilipanda Kidia na picha nimeisafisha kubwa. Mzee ameitazama hadi chai ikapoa. Leo asubuhi kamtuma mjukuu mjini stesheneri ikakatwe. Nimetolewa mimi, na kikombe, ukabaki ukuta na kibao. Kaiweka kwenye sanduku la bati, ndani ya khanga, juu ya cheti.

Hisabati bado anadai.